Usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujapimwa

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Jioni moja mwaka jana kaka yangu mkubwa alinipitia nyumbani akitokea kazini. Aliketi, akavua kiatu cha mguu wa kushoto, akashusha pumzi, kisha akatoa karatasi mfukoni. "Mdogo wangu," akaniambia, "wewe ni mtu wa maneno. Hebu nisahihishie barua hii, nisije nikachekwa huko ofisini." Nikadhani ni barua ya kuomba mkopo. Kumbe ilikuwa barua ya kuacha kazi.

Kaka yangu ana miaka 53. Kwa miaka 22 amekuwa akiendesha mashine ya kuchapa katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, na mimi sina budi kusema wazi kwamba ada ya stashahada yangu ya uandishi wa habari ilitoka kwenye mashine hiyo. Anaugua kisukari. Miguu imeingia ganzi, na vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikatwa hospitali baada ya kidonda kukataa kupona. Kazi yake ni ya kusimama kutwa. Ikifika saa sita mchana hajui kama amekanyaga sakafu au amekanyaga msumari.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Alisema anaacha kazi "kwa hiari yangu" kutokana na hali ya afya, na kwamba baadaye atafuatilia mafao yake ya ulemavu. Kiswahili chake hakikuwa na kosa hata moja. Lakini yale maneno matatu, "kwa hiari yangu", yalinitia wasiwasi. Nikamwomba aniachie barua kwa wiki moja. Wiki hiyo nilifanya kile nilichosomeshwa kukifanya: nikaenda kuuliza. Nilizungumza na watu wa mfuko wa hifadhi ya jamii, viongozi wa chama cha wafanyakazi na afisa mmoja wa kazi. Leo nataka niwasimulie niliyoyapata, maana naamini katika kila mtaa wa mji huu kuna mtu mwenye barua kama ile mfukoni.

Kwanza tusahihishe fikra. Wengi wetu tunadhani mtu aliyechoka kwa maradhi ana milango 2 tu: ama afanye kazi mpaka aanguke, ama aache kazi ndipo aende kudai chake. Fikra hii ina historia. Kuanzia mwaka 1964 wafanyakazi wetu walikuwa wakichangia Mfuko wa Akiba, ule wa NPF. NPF ilikuwa kama kibubu: unaweka, na wakati wako ukifika unakivunja, unachukua chako kwa mkupuo. Mwaka 1997 ikatungwa sheria ya kuanzisha NSSF, na kibubu kikageuzwa kuwa bima. Bima haikulipi kwa sababu umeondoka kazini. Inakulipa kwa sababu jambo lililotajwa katika sheria limetokea: uzee, ulemavu, uzazi, kifo. Mtu anayeacha kazi ili akavunje kibubu atafika dirishani na kuulizwa swali ambalo hakulitegemea: "Ni jambo gani limekupata, na ushahidi uko wapi?"

Kwa hiyo shauri langu la leo ni hili: fuata mpangilio. Mlemavu mmoja anaweza kupata haki zake zote, na mwenzake mwenye hali ile ile akazikosa, kwa sababu tu mmoja alianza na daktari na mwingine alianza na barua.

Tuanze na likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari. Kaka yangu, katika miaka yake yote ya kuugua, alikuwa amechukua siku chache mno, tena nyingine aliomba ruhusa kwa kusema anakwenda msibani. Alikuwa anaficha ugonjwa kwa kuogopa kuonekana mzigo. Nawaelewa wanaofanya hivyo. Lakini mfanyakazi anayeficha maradhi anafuta ushahidi wake mwenyewe. Siku atakaposema "naumwa tangu miaka 5 iliyopita", faili lake litasema alikuwa mzima.

Baada ya hapo kuna swali ambalo ndilo linalogawa njia: je, ulemavu umetokana na kazi, au umekupata kama unavyoweza kumpata mtu yeyote?

Katika kiwanda hicho hicho cha kaka yangu kuna kijana aliyepoteza vidole vya mkono kwenye mashine ya kukata karatasi. Hiyo ni ajali ya kazini. Mlango wake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kufanya kazi Julai 2015. Mfuko huu unachangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Unamhudumia pia mtu aliyepata ugonjwa uliosababishwa na kazi, si ajali tu. Mfanyakazi akiwa hawezi kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Ikithibitika kwamba ulemavu ni wa kudumu, madaktari hupima kiwango chake. Kikiwa asilimia 30 au chini ya hapo, hulipwa fidia kwa mkupuo. Kikizidi hapo, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Gharama za matibabu zimo, na huduma za utengamao, yaani kumsaidia mtu arejee kwenye kazi na maisha yake, nazo zimo.

Wazee wetu wa viwandani watakumbuka sheria ya zamani, ambayo kiwango chake cha juu kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, na kwa kifo shilingi 83,000. Mtu alipoteza mkono akapewa fedha zisizotosha kununua hata baiskeli. Hali hiyo imebadilika, lakini bado nakutana na wafanyakazi wanaoamini kwamba fidia ya kazini ni kupoteza muda. Ukiumia kazini, mjulishe mwajiri mara moja, tena kwa maandishi, na utunze nakala. Ajali isiyoandikwa popote ni vigumu kuidai.

Kisukari cha kaka yangu hakikuletwa na mashine. Mlango wake basi ni mfuko wake wa hifadhi ya jamii. Kwa walioajiriwa katika sekta binafsi, mfuko huo ni NSSF. Kwa watumishi wa umma ni PSSSF, ulioanza mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Haya yote ni ya Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana mfuko wao, ZSSF.

NSSF ina pensheni ya ulemavu, lakini ina kipimo chake. Mwanachama awe hajafikia umri wa kustaafu, na awe amepoteza theluthi mbili au zaidi ya uwezo wake wa kujipatia kipato. Naomba msomaji usome maneno hayo mara mbili. Hawapimi maumivu, wala hawapimi umeteseka kiasi gani, wala hawaulizi kama unaweza kuendelea na ile kazi yako ya zamani tu. Wanaopima ni madaktari, na swali lao ni kama mwili ulionao unaweza bado kukuletea riziki. Mtu wa kuendesha mashine aliyepoteza vidole viwili vya mguu anaweza kuwa hawezi tena kusimama kutwa, lakini akaonekana anaweza kazi ya kukaa. Huyo atatoka kwenye bodi ya madaktari bila pensheni, na kama alishaandika barua, atakuwa pia hana kazi.

Hapa ndipo lilipo shimo lenyewe. Kuna watu wengi wenye ulemavu wa katikati: umezidi kwa kazi waliyonayo, haujatosha kwa pensheni. Watu hawa ndio wanaoumia zaidi, na ndio wanaoshauriwa vibaya na majirani.

Sharti la pili ni michango. Mwanachama mwenye miezi 180 ya michango, yaani miaka 15, ametimiza. Asiye na miezi hiyo awe na angalau 36, na kati ya hiyo, 12 iwe ile iliyotangulia kuanza kwa ulemavu. Kaka yangu na miaka yake 22 hakuwa na shida hapo, mradi mwajiri awe amepeleka fedha. Lakini mfikirie kijana aliyechangia miaka 5, akaacha kazi kwa sababu ya mgongo, akakaa nyumbani mwaka mmoja na nusu akijiuguza kwa waganga, kisha hali ikazidi. Atakapokwenda mfukoni, mabishano yatakuwa juu ya tarehe: ulemavu ulianza lini? Kama hana karatasi ya daktari ya wakati ule alipokuwa bado anachangia, ile miezi 12 inaweza kumponyoka mikononi. Ugonjwa ni ule ule, michango ni ile ile; kilichomponza ni kutopimwa mapema.

Sasa tuje kwa mwajiri. Je, anaweza kumwambia mgonjwa "kazi huiwezi, nenda"? Sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 zilieleza utaratibu. Kabla ya kumwachisha mtu kwa maradhi, mwajiri atazame chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, kama kazi inaweza kurekebishwa au kupatikana nyingine, na kama mfanyakazi ana fidia au pensheni ya kumpokea. Azungumze na mfanyakazi mwenyewe, ambaye ana haki ya kufuatana na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Na kama mtu ameumia kwa ajili ya kazi yenyewe, mwajiri anatakiwa ajitahidi zaidi. Tena, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Mwajiri anayemfukuza aliyelemaa mikononi mwake, kisha akatafuta mlemavu mwingine wa kutimiza hesabu, atakuwa anacheka na sheria.

Mazungumzo haya yote yana maana pale tu mfanyakazi anapokuwa bado ni mfanyakazi. Aliyeandika "kwa hiari yangu" amemwondolea mwajiri wajibu wote huo kwa kalamu yake mwenyewe. Amepoteza pia kiinua mgongo cha sheria, ambacho mwajiri hulipa anapomwachisha mtu kazi: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Kwa kaka yangu hizo ni siku 70. Hata fao la kukosa ajira haliwahusu walioacha kwa kupenda. Na kama mtu ameachishwa isivyo haki, anazo siku 30 tu za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku 30 si nyingi kwa mtu anayeuguza kidonda.

Lakini haki hukata pande zote mbili, na mimi sipendi kuwaambia wasikilizaji nusu ya habari. Mfanyakazi aliyepewa kazi mbadala inayofaa hali yake, akaikataa bila sababu ya maana, anaweza kukikosa kiinua mgongo hicho. Wapo pia wanaochechemea wakifika getini na kukimbia wakikaribia kituo cha daladala. Hao ndio wanaofanya wagonjwa wa kweli watiliwe shaka. Na yupo mwajiri mdogo mwenye watu 6, ambaye kweli hana kiti cha kumkalisha mtu asiyeweza kusimama. Ndiyo maana sheria inasema kazi itafutwe pale inapowezekana, si kwa miujiza.

Nilipomaliza kumweleza kaka haya yote, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo halimo katika sheria yoyote. "Mimi sitaki kuitwa mlemavu. Na sitaki kwenda kuomba." Wifi yangu, ambaye alikuwa jikoni, akajibu kwa sauti kabla yangu: "Kwani hizo hela unazokatwa kila mwezi miaka yote ulikuwa unatoa sadaka?" Nilicheka, lakini alikuwa amesema kweli tupu. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na anayeumega ni mfanyakazi pamoja na mwajiri wake. Anayekwenda kudai alichokilipia si ombaomba. Na neno "mlemavu" kwenye fomu ni kipimo cha hali ya mwili, halimpunguzii mtu utu wake wala heshima yake mbele ya watoto.

Basi tukakaa chini tukapiga hesabu, na nakushauri msomaji mwenye tatizo hili uipige vivyo hivyo. Mshahara ni kiasi gani, na pensheni ingekuwa kiasi gani? Usikisie, nenda mfukoni wakukokotolee, na wakati huo huo uombe taarifa ya michango yako uone kama kuna miezi iliyoruka. Bima ya afya inatoka wapi? Kama inatoka kwa mwajiri, dawa za kila mwezi zitalipwa na nani siku ukiondoka? Nauli na viatu maalumu ni kiasi gani? Mguu ukizidi kuharibika kwa kusimama, gharama yake nini? Swali hilo la mwisho lisidharauliwe. Kufanya kazi mpaka uanguke si ushujaa. Mtu asiyehisi miguu yake karibu na mashine inayozunguka anajihatarisha, na anawahatarisha wenzake.

Kaka akaenda kwa daktari wake wa kiliniki ya kisukari na kumwomba aandike kwa ukamilifu: ugonjwa ulianza lini, umeharibu nini, kazi gani hapaswi kuifanya na ipi anaweza. Akapeleka nakala kwa afisa utumishi na kubaki na nakala nyingine. Akaitwa kwenye kikao, akafuatana na katibu wa tawi la chama. Vikao vilikuwa 3, na cha kwanza hakikuwa kizuri. Katika cha tatu wakakubaliana ahamishiwe ghala la karatasi, mahali anapoweza kufanya kazi akiwa amekaa, akipokea na kutoa mzigo kwa daftari.

Sitawadanganya kwamba amepata bila kupoteza. Mshahara wake haukuguswa, lakini posho ya shifti ya usiku imekwisha, na nyumbani kwake pengo hilo linaonekana. Vijana aliowafundisha mashine sasa wanamletea karatasi za kusaini, na kuna siku jambo hilo humuuma kuliko mguu. Lakini kidonda kimefunga, bima ipo, michango inaingia. Na kama mwili utazidi kudai, faili lake limekamilika: ataingia kwenye bodi ya madaktari akiwa na tarehe na saini mkononi.

Najua wengi wanaonisoma si waajiriwa. Mama lishe, fundi, dereva wa bodaboda, naye huvunjika mguu, na hana afisa utumishi wa kumwendea. NSSF hupokea pia wanachama waliojiajiri. Nenda kaulize, na ukiwa huko usiulize tu unachangia kiasi gani. Uliza ni mafao gani yamo katika mpango huo na yapi hayamo. Swali hilo ni rahisi kuliuliza ukiwa mzima.

Barua ya kaka yangu bado ninayo kwenye droo. Juzi aliniuliza kama nilishaisahihisha. Nikamwambia bado.

Hadi wiki ijayo, nawatakia afya njema na kazi njema.